Chanjo ya Samaki Hukinga, Haitibu

Chanjo humkinga samaki mwenye afya. Haimponyeshi aliyekwisha kuugua. Nchini Norwei, vifaranga vya samaki aina ya samoni hupewa dawa ya usingizi na kuchomwa sindano tumboni kabla ya kuhamishiwa katika vizimba vya baharini, ili miili ijijengee kinga mapema.

Mwaka 1987 wafugaji wa nchi hiyo walitumia takriban tani 50 za viuavijasumu. Miaka ya karibuni, wakizalisha zaidi ya tani milioni 1 za samaki kwa mwaka, hutumia chini ya tani 1. Hatua hiyo inapunguza usugu wa vimelea dhidi ya dawa zinazomtibu pia binadamu.

Hata hivyo, chanjo haiondoi wajibu wa kutunza maji, kuepuka msongamano vizimbani na kuopoa mizoga mapema.