Riva aliweza kungoja, sisi hatuwezi

Wengi wenu muliona filme Viva Riva! zamani, wakati CD zake za kunakiliwa zilikuwa zinauzwa chini, pembeni ya soko. Siku hizi inatoka simu moja inaingia simu nyingine. Ni filme ya Djo Tunda Wa Munga, mtoto wa Kinshasa aliyesomea sinema Bruxelles. Ilitoka 2010, na mwaka uliofuata ikachukua zawadi 6 kwenye African Movie Academy Awards kule Nigeria, pamoja na ile ya filme bora. Lakini vijana wetu hawaijui kwa zawadi. Wanaijua kwa makuta mengi, kwa Nora anavyocheza, na kwa masasi.

Sisi wa sendika tumeirudilia hapa Luofu juu ya jambo lingine. Kila tukikaa na vijana waliotoka kuchimba Manguredjipa, hakukosi mmoja anayejiita Riva. Mwingine ameandika jina hilo kwenye garde-boue ya pikipiki. Tukaulizana: huyu mtu mnayemsifu, amefanya nini hasa? Tukakodi chumba cha vidéo jumamosi moja, tukanunua mafuta ya jenereta (nayo ilikuwa ghali, ndiyo vichekesho vya kwanza), tukaiangalia mpaka mwisho, wazee, vijana na mama.

Kwa asiyeiona, habari ni hii. Riva anarudi Kinshasa kisha miaka 10, anatoka Angola na mzigo mkubwa wa mafuta ya kuiba. Muji umekauka. Magari yamesimama, watu wanatembea kwa mguu. Nyuma yake anakuja César, Muangola, mwenye mali iliyoibiwa, mtu wa suti safi na moyo mchafu. Kila akifungua kinywa anatudharau Wakongomani; ndugu zetu waliokuwa wanachimba almasi Lunda Norte na kufukuzwa huko walisikia maneno ya namna ile si kwenye filme. Kuna Azor, mkubwa wa usiku, na Nora ni mwanamke wake, na Riva anamtaka huyohuyo. Kuna mwanamke askari, wanamuita Commandante. César amemshika dada yake ili amtumikishe. Hata padri anaingia katika biashara. Ukitafuta mtu mmoja safi ndani ya filme nzima, utatafuta mpaka kuche.

Na filme inazidisha, tuseme wazi. Watu wanapigwa sawa ngoma, damu inaruka, na mambo ya chumbani yanaonyeshwa bila pazia. Wazazi, si filme ya kuangalia na watoto, wala na mama mkwe.

Ila hapa kwetu bunduki ya filme haitishi mtu. FDLR walichoma Luofu Aprili 2009. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka ule moshi, na watoto waliofia ndani ya nyumba. Basi siku ile, pahali César na watu wake wanamwaga damu, mama mmoja aliyekaa nyuma alisema polepole: "Wapi, damu haifanyi vile." Hakuna aliyecheka. Tuliacha filme iendelee.

Kwa maoni yetu, ukweli wa filme hii hauko kwenye kelele zake. Uko pahali inaponyamaza. Riva amefika na mafuta, muji mzima una kiu, angeuza yote siku hiyohiyo na kupata faida nzuri. Hauzi. Anangoja bei ipande. Na wakati anangoja, anakunywa, anacheza, anamfuata Nora. Bunduki zote zile, lakini nguvu yake ya kweli ni hiyo moja: ana mali iliyofichwa, na hana njaa. Kadafi wa pembeni ya barabara, mwenye chupa zake 5 juu ya kibao, hangojei kitu. Anauza ili jioni watoto wale.

Sasa toka Kinshasa uje Manguredjipa. Kijana anaingia mu shimo tayari na deni. PDG wa shimo ndiye aliyempa unga, maharagi, tochi na mawe ya tochi, na mara nyingi makuta ya vile vyote yalitoka kwa mnunuzi. Dhahabu ikionekana, kwanza inagawanywa. Kisha deni linatolewa. Kisha kuna mwenye kulinda njia, naye anataka chake. Kile kidogo kinachobaki kinauzwa jioni ileile, kwa mnunuzi yuleyule, kwenye mizani yake mwenyewe, juu bibi ametuma habari kwamba mtoto amerudishwa masomoni ama mzee amelazwa. Ukimwambia kijana yule "ngoja wiki mbili, bei itapanda", atakuangalia sawa mtu asiye na akili. Na ana haki.

Mnunuzi yeye anaweza kungoja siku tatu, ine. Yule wa Butembo anayepokea kutoka kwake anaweza kungoja zaidi. Bei ya dunia anaiona ndani ya simu. Kisha dhahabu inapita Kasindi ama njia za panya, inavuka Uganda. Machi 2007 Umoja wa Mataifa uliwekea vizuizi kampuni mbili za Kampala, Uganda Commercial Impex na Machanga, juu ya biashara ya dhahabu yetu iliyokuwa inalisha wenye bunduki. Wengine wakachukua nafasi yao, dhahabu ikaendelea kuvuka. Kwenye ngazi hiyo yote, kila mtu anaweza kungoja kidogo kuliko aliye chini yake. Aliye chini kabisa, mwenye matope mpaka kwenye masikio, hangoji hata saa moja.

Njo maana tulipoanza sendika hatukuanza na siasa. Tulianza na sanduku. Kila mmoja anaweka franga kidogo kila posho, na mwenye ugonjwa nyumbani anakopa humo, hakimbilii mnunuzi. Kwa miezi 7 sanduku lilifanya kazi. Vijana kadhaa waliweza kushika dhahabu yao siku 10, hata 15, na kuuza pamoja kwa mtu aliyetoa bei nzuri zaidi. Wanunuzi walikasirika kweli, mmoja alikataa hata kutusalimu. Kisha shimo likaporomoka kisha mvua ya usiku, na sanduku lote likaishia kwa masanduku mengine, yale ya kuzikia, pamoja na chakula cha kilio na safari ya kuleta miili. Hakuna aliyeiba hata franga moja. Liliisha tu. Sasa tunalijaza upya, na ni polepole sana.

Turudi kwenye filme, juu kuna mtu mwingine ambaye vijana hawamtazami. Anaitwa J.M., rafiki wa zamani wa Riva. Ana bibi, ana watoto, ana nyumba yenye shida za kawaida. Riva anafika na manoti, usiku mmoja tu, na J.M. anaacha kila kitu anamfuata. Anakunywa kwa makuta ya mwenzake, anacheka kwa nguvu kuliko mwenyewe. Riva hajui kesho yake, lakini hana wa kumngojea. J.M. anao.

Mama waliokuwa mu chumba walimtambua mbele yetu. Tulipozima jenereta na kuanza maneno, vijana walikuwa wanabishana kama Riva alikosea kumfuata Nora. Mama mmoja akawakata: "Mimi huyo Riva sijawahi kumpikia. Nilimpikia J.M. miaka 16." Vicheko vilikuwa vingi, hata bwana yake alicheka, ingawa si kwa kupenda.

Kila mwenye kujua maisha ya dhahabu anajua alichosema. Mwanaume anapata kitu kizuri, anashuka Butembo, anasema anaenda kununua mabati. Wiki moja, viatu vipya, pombe kwa meza nzima, marafiki ambao hajui majina yao. Anarudi Luofu na sandale za mutu mwingine. Kisha anapanda tena mlimani kwa deni jipya. Tusimlaumu haraka: mtu aliyekaa chini ya udongo miezi 6, akiwaza kila asubuhi kwamba leo labda ni leo, akipata makuta haamini kwamba kuna kesho ya kuyawekea. Lakini mabati hayakufika, na mvua inaendelea kuingia.

Jinsi filme inavyoisha hatutasema, kwa heshima ya ambaye hajaiona. Tunasema tu kwamba karibu wote waliopigania mafuta yale hawakuyafaidi.

Kijana mmoja alituuliza kama hakuna filme ya namna ile ambamo mtu wa chini anapona. Tukamwonyesha kipande cha Nairobi Half Life, ya David Tosh Gitonga, iliyotoka Kenya 2012. Wale wasiojua Lingala wala Kifaransa walifurahi, kwa sababu Kiswahili chake, hata kikiwa cha mitaa ya Nairobi, kinashikika. Mwas anatoka kijijini ambapo anauza filme na kuigiza mapigano yake ili watu wanunue. Anataka kuwa mwigizaji. Siku ya kwanza Nairobi anaibiwa vyote, analala mu gereza, na huko ndani anakutana na Oti, mkubwa wa genge. Naye anaiba, hana usafi kuliko Riva. Tofauti ni kwamba mchana anaenda kwenye mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Ana kazi anayoitaka. Riva hana kazi, hata moja. Ukiangalia vizuri, ndani ya Viva Riva! yote karibu hakuna mtu anayeonyeshwa akitoa jasho kwa mali ile. Mafuta yamefika tu, sawa mvua. Aliyeyachimba Angola haonekani.

Si kwamba Djo Munga hakujua habari za wachimbaji. Mwaka uleule wa 2010 alitoa, kama mtayarishaji, Congo en quatre actes, filme fupi 4 za habari za kweli zilizotengenezwa na vijana Wakongomani. Moja inaitwa Après la mine, ya Kiripi Katembo, aliyefariki 2015 akiwa bado kijana. Inaonyesha Kipushi, Katanga, na familia zinazoishi kando ya takataka za mgodi, udongo na maji yakiwa na sumu.

Hiyo ndiyo tutaonyesha jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, chumba kilekile. Ni fupi, na watoto wanaweza kuja. Mwenye lita moja ya essence ailete, jenereta haingoji bei ishuke.