Muziki wa Barazani Usife Pamoja na Ikulu

Uko muziki wa uwanjani na uko muziki wa chumbani. Ule wa kwanza ni wa ngoma kubwa na tarumbeta, na jamaa za askari wanaufahamu vyema kwa sababu ya gwaride. Wa pili ni wa ala zenye sauti ndogo, unaosikilizwa na watu wachache waliotulia wakati wa usiku. Katika nchi za Maziwa Makuu, mojawapo ya ala zilizoheshimiwa sana katika baraza hizo ni inanga.

Mkazi wa Masha, katika Wilaya ya Isingiro, anaishi baina ya majirani wawili wanaohusika na habari hii. Upande mmoja ni Mbarara, ambako Omugabe wa Ankole alikuwa na ikulu yake pale Kamukuzi. Upande wa pili ni makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, ambamo wamo Wanyarwanda, Warundi na Wakongo. Kati ya watu hao wamo warithi wa muziki uliopoteza nyumba zake.

ALA YENYEWE

Inanga huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti, chenye urefu unaokaribia mita moja, kikafanywa kama chano kirefu. Uzi mmoja hupitishwa kwenda na kurudi mara saba, nane au zaidi, katika meno yaliyokatwa kwenye ncha mbili za ubao. Zamani uzi huo ulikuwa wa kano za ng'ombe. Siku hizi wengine hutumia nailoni au waya, na mlio hubadilika.

Nchini Burundi uko mtindo ambao mpigaji haimbi kwa sauti, bali hunong'ona. Mnong'ono hauna sauti ya juu wala ya chini. Nyuzi ndizo zinazopanda na kushuka zikifuata matamshi ya Kirundi, hata msikilizaji hudhani kuwa ala yenyewe inasema. Muziki wa namna hii hauwezi kusikilizwa penye makelele.

Bakiga wa Kigezi na Wahaya wa Bukoba huiita enanga. Wahaya huipiga wakisimulia tenzi za mashujaa, ambazo Profesa M. M. Mulokozi alizichunguza katika miaka ya 1980. Ennanga ya Buganda ni ala nyingine, yaani kinubi cha nyuzi nane. Hugh Tracey alipozuru Uganda mwaka 1950 na 1952, alirekodi upigaji wa Temutewo Mukasa, mpiga kinubi wa Kabaka.

IKULU ZILIPOANGUKA

Ikulu ndizo zilizowatunza mafundi hao. Ufalme wa Rwanda uliondolewa mwaka 1961, na ule wa Burundi mwaka 1966. Nchini Uganda, ikulu ya Mengo ilivamiwa tarehe 24 Mei 1966, na mwaka uliofuata falme zote zikafutwa. Zilipoanza kurudishwa mwaka 1993, ule wa Ankole haukutambuliwa na Serikali.

Ulaya nako muziki wa baraza za wafalme uliwahi kusahauliwa. Lakini huko ulikuwa umeandikwa. Arnold Dolmetsch aliweza kuunda upya vinanda vya kale, kufuata maandishi ya mabwana waliokwisha kufa, na kuanzisha tamasha la muziki huo mjini Haslemere, Uingereza, mwaka 1925. Inanga haikuandikwa. Ubao waweza kuhifadhiwa katika makumbusho miaka mia, lakini namna ya kukaza nyuzi na kunong'ona hukaa katika vidole na masikio ya fundi. Fundi akifa bila mwanafunzi, elimu hiyo huzikwa naye.

WAJIBU WA NYUMBANI

Hata hivyo, tumaini lipo. Sophie Nzayisenga wa Rwanda alifundishwa inanga tangu utotoni na baba yake, Thomas Kirusu, akawa bingwa wa ala iliyozoeleka mikononi mwa wanaume. Huko Busoga, magunda ya vibuyu yaitwayo bigwala yaliandikwa na UNESCO mwaka 2012 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na vijana wakafundishwa kuyatengeneza na kuyapiga.

Mifano hiyo miwili inafundisha jambo moja: ikulu ikiondoka, nyumba ya kawaida yaweza kuwa baraza. Jamaa za askari na polisi huhamishwa mara kwa mara na kukaa na majirani wa makabila mengi. Yafaa mzazi aulize ni mzee gani jirani anayejua ala ya kwao. Amwalike jioni moja, redio izimwe, watoto wakae karibu waone vidole vinavyokwenda. Ikiwa ala imo nyumbani, isiachwe juani wala karibu na meko, maana mti hupasuka. Zaidi ya yote isitundikwe ukutani kama pambo: apewe mtoto ajifunze, mzee angali hai wa kumsahihisha.