Picha za Kamera ya Ghala: Namna ya Kuzionyesha Mkutanoni Bila ya Kuziharibu



Baadhi yetu tumetia kamera katika maghala na kwenye viwanja vya kuanikia karafuu. Ni jambo la busara, kwani gunia la karafuu ni mali, na usiku hauna shahidi. Lakini taabu huanza pale picha zinapotakiwa zionyeshwe mbele ya kamati. Faili hutiwa katika kompyuta ikakataa kufunguka. Au hufunguka nyumbani kwa mwenyewe, ikagoma mbele ya projekta. Kwa hivyo twaonelea yafaa tueleze sababu yake na dawa yake.

Sababu ni hii. Mashine ya kurikodi haikutengenezwa kwa ajili ya mikutano. Kazi yake ni kurikodi usiku na mchana, na diski ikijaa hufuta picha za zamani ikaandika mpya mahali pake. Watengenezaji nao hufunga picha kila mmoja kwa namna yake. Mashine za Dahua hutoa faili zenye mwisho wa .dav, nyingine hutoa.264 au .h264. Aghlabu picha zilizomo ndani zimeandikwa kwa kanuni ijulikanayo duniani kote, H.264, au mdogo wake H.265. Programu ya maonyesho kama PowerPoint hupenda faili ya .mp4 yenye picha za H.264 na sauti ya AAC.

Kufuta .dav na kuandika .mp4 katika jina la faili hakusaidii kitu. Ni kama kuandika "karafuu" juu ya gunia la makonyo.

Njia za haki ni mbili. Ya kwanza ni kuhamisha picha kutoka chombo kimoja hadi kingine, mfano wa kumimina karafuu kutoka pakachani hadi guniani: chombo ni kipya, karafuu ni zile zile. Programu ya bure iitwayo FFmpeg hufanya hivyo kwa amri hii moja:

ffmpeg -i ghala.dav -c:v copy -c:a aac ghala.mp4

Njia ya pili ni kuziandika picha upya, na programu ya HandBrake, nayo ya bure, huifanya kazi hiyo. Hii ni mfano wa kusaga karafuu: hazirudi tena kuwa nzima, na picha hupungua usafi kidogo. Itumieni ikiwa ya kwanza imeshindikana, au ikiwa picha ni za H.265 na kompyuta ya mkutano haizisomi.

Sasa twaomba tusikilizwe vyema, kwani hapa imo heshima ya mtu. Faili za .264 mara nyingi hazielezi mwendo wa picha. FFmpeg isipoambiwa hukisia picha 25 kwa sekunde. Ikiwa mashine ilirikodi 10 tu, dakika nzima itapita kwa sekunde 24. Tuseme tena saa ya mashine iko nyuma kwa saa mbili. Basi mchukuzi aliyebeba gunia lake mwenyewe, taratibu, saa kumi na moja alfajiri, ataonekana anakimbia nalo saa tisa ya usiku. Watu watakuwa wamekwisha mhukumu kabla shauri halijafika kwa sheha.

Kwa ajili hiyo twashauri mambo manne.

Kwanza, itoeni faili mapema kabla haijafutwa, kwa umbo lake la asili. Papo hapo linganisheni saa ya mashine na saa ya simu, na tofauti iandikwe.

Pili, faili ya asili iwekwe kando isiguswe. Katika kompyuta ya Windows andikeni:

certutil -hashfile ghala.dav SHA256

Mtapata alama ya herufi na tarakimu 64. Ihifadhini. Faili ikibadilika hata chembe, alama nayo itabadilika.

Tatu, kazi yote ifanywe juu ya nakala. Ikiwa faili haina mwendo, tazameni katika mashine ilirikodi picha ngapi kwa sekunde, kisha tieni hesabu hiyo, kwa mfano:

ffmpeg -framerate 10 -i ghala.264 -c copy ghala.mp4

Nne, mwenye kuonyesha awaeleze wasikilizaji alichokifanya: amekata wapi, amekuza nini, amezidisha mwanga au hakuzidisha. Na dakika zilizotangulia na zilizofuata ziwepo tayari, mtu akiomba aonyeshwe.

Picha ya kamera ni shahidi, na shahidi hafundishwi la kusema. Mwizi na ashikwe kwa haki, na asiye na kosa arudi kwake na jina lake safi.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama