Sogea Kiloko Tu: Mawimbi Ndani ya Tianxiu Dasha

Kama hujawahi kufika Tianxiu Dasha, pale Xiaobei, Guangzhou: ni jengo refu, maduka yamebanana, mizigo imepangwa hadi darini. Nilikuwa humo nampigia Shangazi simu ya video kwa Wi-Fi. Yuko Mombasa, anataka kuona vitenge kabla sijalipa. Picha ikaganda. Muuzaji naye anataka hela yake sasa hivi.

“Sogea kiloko tu,” akaniambia mama mmoja wa Lubumbashi. Yaani kidogo. Nikasogea, hata hatua haikutimia. Shangazi huyo! “Hiyo rangi siitaki!” Ningelipa hasara.

Si uchawi. Mawimbi ya Wi-Fi hayakufikii kwa njia moja. Yanagonga zege, rafu za chuma, vioo na watu, halafu yanakutana tena. Hapa yanaongezana nguvu, pale yanafutana. Kwenye gigahezi 2.4, urefu wa wimbi ni kama sentimita 12, kwa hiyo sentimita chache tu zinatosha kukutoa pabaya.

Sasa, badala ya wewe kusogea, je, wimbi lenyewe linaweza kupangwa? Mwaka 2007, Ivo Vellekoop na Allard Mosk wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walipitisha leza kwenye tabaka jeupe lisiloona, kama rangi ya ukuta. Kwa kawaida mwanga ungetoka umetawanyika ovyo. Wao waliugawa vipande vingi, kila kimoja wakakirekebisha kivyake, hadi vyote vikakutana vizuri kwenye nukta moja, iking'aa mara 1000 hivi kuliko mwanga uliotawanyika. Rangi hawakuigusa. Waliupanga mwanga kabla haujaingia.

Ruta zenye antena kadhaa hutumia wazo la ukoo huohuo. Lakini ndoto kubwa ni mwili. Nyama yetu pia hutawanya mwanga, na wanasayansi wanataka kuona ndani kabisa bila kupasua. Shida ni kwamba damu haitulii. Njia ulizozipima zinabadilika ndani ya milisekunde, inabidi upime upya, haraka.

Nilielewa shida yao palepale. Mkokoteni wa mizigo ukapita mbele yangu, Shangazi akaganda tena, mdomo wazi. Nikasogea upande wa pili. “Bluu,” akasema. “Chukua ya bluu.”