Mwalimu Mwenye Mkia

"Mjomba, yule anayekuja kutibu ng'ombe alifundishwa na nani?"

Ahsante, mwanangu! Swali hilo watu wazima wengi hawajawahi kuuliza. Kaa hapa nikusimulie.

Karibu na Arusha, chini ya Mlima Meru, kuna mahali panaitwa Tengeru. Pana chuo cha mifugo. Vijana huingia wakishamaliza kidato cha 4 na kufaulu masomo ya sayansi. Huanza na astashahada, kisha wanaotaka huendelea hadi stashahada. Walimu wao wana chaki. Lakini yuko mwalimu mwingine, ana pembe na mkia. Tumwite Zabibu. Haya Zabibu, sema mwenyewe.

"Mimi ni ng'ombe wa maziwa. Kila mwaka huletewa wanafunzi wapya. Wa kwanza hunijia mbio kutokea nyuma. Nyuma yangu hasa mimi sioni! Basi naruka, naye anaruka. Somo la kwanza hilo: macho kwanza, mikono baadaye. Simama pembeni nikuone. Nisemeshe. Nitazame ninavyosimama, ninavyocheua, ninavyopumua. Ndipo uniguse."

"Na homa yake wanaipimaje, Mjomba?"

Kwa kipimajoto, mwanangu. Huingizwa kwenye njia ya haja kubwa.

"Huko nyuma?"

Huko huko! Cheka tu, hata wanafunzi hucheka siku ya kwanza.

"Wakisoma," asema Zabibu, "huona nyuzi 38.5. Mgeni hushtuka: ana homa! Tulia, kijana. Kwako wewe hiyo ni homa. Kwangu mimi ni afya. Sasa pita ubavu wangu wa kushoto. Nyuma ya mbavu pamebonyea. Weka ngumi yako hapo, usubiri."

Kwa nini hapo? Kwa sababu hapo ndipo lilipo tumbo lake kubwa. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba 4, na hicho kikubwa ni kama chungu cha makande kilichoinjikwa mchana kutwa. Majani yanalainika humo, na chungu kinajigeuza chenyewe. Ngumi ya mwanafunzi husukumwa kama mara 3 kwa dakika 2. Chungu kikinyamaza, jua kuna jambo.

"Halafu anachomwa sindano?"

Polepole! Macho kwanza, mikono baadaye. Dawa hupimwa kwa uzito. Shambani hakuna mzani wa ng'ombe, kwa hiyo mwanafunzi humzungushia utepe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, akasoma makadirio ya kilo. Hujifunza pia kutunza chanjo kwenye ubaridi, nyingi kati ya nyuzi 2 na 8. Tena hujifunza kumwambia mwenye ng'ombe: maziwa haya msinywe mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

"Na ng'ombe akifa ghafla, damu inamtoka puani?"

Hapo mikono haiji kabisa! Huenda ni ugonjwa wa kimeta. Mzoga haupasuliwi. Ukipasuliwa, vimelea hutoka, vikakaa udongoni miaka mingi, na mtu naye huugua.

"Hata kama nyama ni nyingi?"

Hata kama ni nyingi. Mwanafunzi huwazuia watu wasiguse, akampigia simu daktari.

"Kumbe yeye si daktari?"

Ni msaidizi wa daktari. Daktari wa mifugo husoma chuo kikuu miaka 5, pale Sokoine, Morogoro. Upasuaji mkubwa ni kazi ya daktari. Msaidizi huandaa vifaa, humshika mnyama, huhesabu mapigo ya moyo, husafisha kidonda, huandika kila kitu. Na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kufika zizini, kwa hiyo akikosea kutazama, daktari huitwa wakati mbuzi keshalala chini.

Sasa na wewe, mdadisi wangu, uanze leo. Kesho asubuhi simama mbali kidogo na mbuzi wenu akiwa ametulia. Ubavu ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi 1. Hesabu kwa dakika nzima. Mbuzi mkubwa mzima wa afya hupumua kati ya mara 15 na 30. Andika kwenye daftari. Fanya hivyo kila siku. Siku namba ikiruka juu na mbuzi hajakimbia wala jua halijawaka, usimguse. Mpelekee baba au mama daftari lako, nao wamwite mtaalamu.