Kabla ya Masika: Paa Lizibwe Kwanza, Rangi Ifuate

Kila mwaka mawingu ya Machi yanapoanza kukusanyika, maduka ya vifaa vya ujenzi katika kaunti yetu hujaa wakazi wanaotafuta rangi ya paa na mikebe ya lami. Wengi huwa wamechelewa. Paa huzibwa na kupakwa rangi likiwa kavu, na hapa pwani majira makavu zaidi ni ya kaskazi, hasa Januari na Februari, kabla ya masika ambayo wazee wetu huyaita mwaka. Anayengoja mpaka godoro lilowe atapanda juu ya bati bichi, na dawa aliyoinunua haitashika.

Jambo la kwanza ambalo mwenye nyumba anafaa kulijua ni kwamba rangi pekee haizuii paa kuvuja. Rangi hulinda bati lisiliwe na kutu, na ikiwa nyeupe au ya rangi hafifu hupunguza joto ndani ya nyumba. Maji hupitia kwenye misumari, kwenye maungio ya bati na bati, na pale paa linapokutana na ukuta. Sehemu hizo zisipozibwa, ndoo nzima ya rangi ghali itakuwa imepamba tu paa linalovuja.

Tafuta maji yanapoingilia

Doa kwenye dari halionyeshi tundu liko wapi. Maji huingia juu, hufuata upande wa chini wa bati au kutambaa kwenye ubao, kisha hudondoka mita mbili au tatu mbali na pale yalipoingilia. Ndiyo sababu fundi anayepaka lami juu ya doa bila kuchunguza hurudi kila msimu, na kila msimu analipwa.

Njia rahisi ni kuingia darini mchana jua likiwa kali, bila kuwasha taa. Kila tundu litaonekana kama nyota. Litie alama kwa chaki upande wa ndani, kisha upime umbali wake kutoka ukutani ili ulipate ukiwa juu. Matundu ambayo hayapitishi mwanga, hasa kwenye maungio, hutafutwa kwa mpira wa maji. Mmoja amwagie paa akianzia chini na kupanda polepole, mwingine akae ndani na kuita maji yanapotokea. Ukianzia juu, maji yatateremka na kupita kila mahali, nawe hutajua ni wapi yameingilia.

Mara nyingi utakuta kosa ni la msumari. Msumari wa bati una kofia na mpira chini yake. Hupigwa kwenye mgongo wa mkunjo, si kwenye bonde ambamo maji hupita. Ukipigwa kwa nguvu kupita kiasi, bati hubonyea na maji hutuama hapo. Usipokazwa, upepo hulitikisa bati na tundu hupanuka. Mpira nao hukauka na kupasuka kwa jua baada ya miaka kadhaa. Msumari uliolegea usiugongee tena ndani ya tundu lile lile. Ung'oe, kisha utie skrubu ya paa iliyo nene zaidi na yenye mpira mpya.

Mahali pa pili ni pale bati linapogusa ukuta. Mafundi wengi huziba nafasi hiyo kwa simiti, kazi inayoonekana imara siku ya kwanza. Lakini bati hutanuka kwa jua na kujikunja usiku, simiti haifuati, kwa hiyo ufa hutokea. Isitoshe, simiti mbichi hula zinki inayolikinga bati. Panapofaa ni kuweka bati lililokunjwa, upande mmoja ukiingia ndani ya ukuta na mwingine ukilalia paa.

Kuziba

Safisha kwanza. Ondoa majani, ukoga na lami ya zamani inayobanduka. Sugua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma imara kionekane, osha kwa maji na sabuni, suuza, uache pakauke kabisa. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, kuosha ni lazima hata kama bati linaonekana safi, kwani chumvi inayoletwa na upepo hukaa juu yake na kuendelea kulila chini ya rangi.

Bati lililotobolewa na kutu kiasi cha kubonyea ukiligusa kwa kidole lisizibwe. Libadilishwe. Unaponunua jingine, angalia geji: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo bati lilivyo jembamba. Geji 32 ni bei nafuu kuliko 28 kwa sababu hiyo. Mwambie fundi alikate kwa mkasi wa bati badala ya grainda, kwa maana cheche za grainda huunguza zinki, na vumbi la chuma linaloanguka juu ya paa huanza kutu baada ya mvua moja.

Kwa maungio na tundu dogo, tumia dawa ya kuzibia inayovutika, maana paa hutembea kila siku kwa joto na baridi. Paka mkono wa kwanza, laza juu yake kipande cha kitambaa chembamba cha wavu kinachouzwa kwa kazi hiyo, kisha paka tena mpaka wavu ufunikwe. Kitambaa ndicho kinachozuia dawa isipasuke. Jihadhari na silikoni ya bei rahisi inayonuka kama siki. Asidi yake hula bati lenye zinki. Na silikoni ya aina yoyote haishikwi na rangi, kwa hiyo ikitumika ovyo utaona mabaka yasiyopakika.

Kupaka rangi

Bati jipya linalong'aa haliko tayari kwa rangi yoyote. Lina mafuta ya kiwandani yanayopaswa kuoshwa, na zinki yake haipatani na rangi ya kawaida ya mafuta: hizo mbili hufanya kitu kama sabuni katikati yake, na baada ya muda rangi hubanduka vipande vipande. Tumia rangi ya msingi iliyoandikwa kwamba ni ya bati la zinki, kisha rangi ya paa ya maji. Ile rangi ya msingi nyekundu ya kuzuia kutu ni ya chuma kilichokwisha kushika kutu na kusuguliwa.

Anza asubuhi umande ukishakauka, uache saa kadhaa kabla ya jioni ili rangi isikutwe na umande mwingine. Saa saba mchana bati huwa moto mno. Rangi hukauka juu kabla ya kushika chini na kufanya malengelenge.

Kabla ya kununua, piga hesabu. Paa la mita za mraba 100 lina eneo kubwa zaidi ya hapo, kwa kuwa mikunjo huongeza karibu asilimia 15. Hiyo ni mita 115, na kwa mikono miwili ni 230. Rangi ikiwa inafunika mita 10 kwa lita, utahitaji lita 23, yaani ndoo ya lita 20 na mkebe wa lita 4. Soma kwenye ndoo rangi yako inafunika mita ngapi, kwa sababu zinatofautiana. Fundi anayekuambia ndoo moja itatosha paa hilo kwa mikono miwili huenda ana mpango wa kuongeza maji.

Wanaovuna maji ya mvua

Familia nyingi katika kaunti yetu hunywa maji ya paa. Kabla ya kusugua chochote, tenganisha bomba la gata na tangi. Lami isitumike kwenye paa linalolisha tangi la maji ya kunywa. Chagua rangi ambayo mtengenezaji ameandika kwamba inafaa kwa maji hayo, na baada ya kazi acha mvua za kwanza zimwagike nje kabla ya kurudisha bomba. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Isisuguliwe ikiwa kavu. Iloweshwe kwanza, mabaki yakusanywe kwenye turubai, na watoto wakae mbali. Mwenye shaka kuhusu tangi lake amwone afisa wa afya ya umma wa wadi.

Kabla ya kupanda

Paa la asbesto ni jambo tofauti kabisa. Usilisugue, usilitoboe, usilikanyage. Nyuzi zake zikivutwa ndani husababisha saratani, na shiti zake za zamani huvunjika chini ya mtu bila onyo. NEMA inaihesabu asbesto kuwa taka hatari; kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni.

Kwa paa la mabati, ngazi inayoegemea ukuta wa mita 4 iwe na miguu mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishikilie. Ukiwa juu kanyaga kwenye mistari ya misumari, kwa kuwa chini yake ndiko kuna mbao. Angalia waya wa umeme unaoingia nyumbani kabla ya kuinua ngazi ya chuma. Ikiwa maji yameshawahi kudondokea taa au swichi, zima umeme kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme aliyesajiliwa kabla hata hujamwita wa paa.

Mvua ya kwanza ikinyesha, ingia tena darini na tochi. Tundu moja au mawili yatakuwa yamekuponyoka. Yatie alama kwa chaki na uyazibe jua likirudi, wakati dawa iliyobaki kwenye mkebe bado haijaganda.