Ngalawa kongwe za Kwale: Chombo kisicho na hati husomwaje?

UKISHUKA ufuoni Gazi au Msambweni wakati wa maji kupwa, hukosi kuona ngalawa iliyokwisha kustaafu. Imelazwa ubavu chini ya mnazi, tanga halipo, na kuku wamepata pa kutagia. Mwenyewe atakwambia ni ya babu yake. Jirani atasema la, ilinunuliwa Pemba. Na chombo cha namna hiyo hiyo kikisimamishwa penye lango la hoteli huko Diani, hupewa umri wa miaka mia mbili, mgeni akakipiga picha na kwenda zake.

Ni yupi wa kuaminiwa? Swali hili si jepesi, kwani ngalawa haikuzaliwa na cheti.

Vipo vyombo vidogo vilivyofanya kazi katika maji ya Afrika ya Mashariki ambavyo historia yake hufuatiliwa kwa karatasi. Mashua ya mvuke iliyojulikana kwanza kwa jina la Livingstone ilijengwa mwaka 1912 huko Lytham, Uingereza, ikaletwa huku kuhudumu, kisha ikaonekana katika filamu ya The African Queen ya mwaka 1951 iliyochezwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Leo iko Key Largo, Florida. Chombo cha kiwandani huacha nyuma yake hati za mauzo, na mtafiti hana budi ila kuzifuata.

Ngalawa haitoki kiwandani, yatoka mtini. Fundi huchagua mwembe mnene wenye shina lililonyooka, akauangusha, akauchonga kwa shoka na tezo hadi ukawa mtumbwi. Kisha miti miwili hupitishwa juu ya mtumbwi huo kukata upana wake, na katika ncha za kila upande hufungwa ubao unaogusa maji. Hayo ndiyo matengo. Mtumbwi ni mwembamba, na ukisimamishiwa mlingoti na tanga upepo ungeupindua mara moja. Matengo ndiyo yanayoukatalia. Bila matengo, ngalawa ni mtumbwi tu, wa kusukumwa kwa pondo katika vijito vya mikoko kama vile vinavyoingia ghuba ya Gazi.

Uchunguzi basi huanzia kwenye gogo. Mti wa mwembe ni laini, hivyo huchongeka kwa urahisi, lakini ulaini huo ndio msiba wake. Huoza upesi na hushambuliwa na wadudu wa baharini watoboao mbao. Ndiyo maana wavuvi huuchoma kidogo upande wa chini kwa moto wa makuti makavu, na kuupaka sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika. Hata kwa matunzo hayo, gogo la mwembe linalofanya kazi baharini ni nadra kuuona uzee wa aliyelichonga. Kwa sababu hiyo miaka mia mbili ya pale langoni na tuitilie shaka.

Maabara nayo haisaidii sana. Kipimo cha kaboni hubabaika kinapopewa mbao za karne tatu zilizopita, na majibu yake huweza kuangukia kipindi chochote katika miaka hiyo. Jambo moja tu hulisema kwa uhakika zaidi: iwapo mti ulikuwa bado unakua baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950, kwani majaribio hayo yaliacha alama yake katika kila kilichokuwa hai.

Jicho la kawaida huona mengi kuliko maabara. Tazama viraka. Kipande cha bati kilichopigiliwa misumari, ubao ulioongezwa ubavuni ili kukiinua chombo, ufa ulioshindiliwa pamba: kila kimoja ni tukio, na mara nyingi mzee fulani kijijini hulikumbuka. Tazama na kamba. Matengo yaliyofungwa kwa kamba ya nazi yana habari yake. Yaliyofungwa kwa nailoni yana nyingine, maana nailoni haikuwako duniani kabla ya miaka ya 1930.

Hapa ndipo mtafiti hukutana na kitendawili. Matengo huvunjika kwenye miamba na hubadilishwa mara kwa mara, hivyo mbao zake kwa kawaida ndizo changa kuliko zote chomboni. Lakini wazo la matengo ndilo kongwe, na halikuzuliwa hapa.

Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinavieleza vyombo vya pwani yetu: mashua zilizoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja. Matengo hayatajwi. Leo ngalawa yenye matengo pande zote mbili yaonekana kusini mwa Kenya, Tanzania na Unguja, na huko Ngazija na visiwa vyenzake huitwa galawa. Bukini, yaani Madagaska, nako mitumbwi ina matengo, ingawa mingi ni ya upande mmoja. Ukiiacha pwani hii na visiwa hivyo, makao makuu ya ufundi huo ni Indonesia na visiwa vya Pasifiki.

Mwingereza James Hornell alilishughulikia jambo hili katika jarida la Man mwaka 1920, akadai kwamba mitumbwi ya Bukini na ya pwani yetu ina asili moja. Lugha ya Bukini inamuunga mkono, kwani jamaa zake wa karibu wako kisiwani Borneo. Na mwaka 2016 jarida la PNAS lilichapisha utafiti wa mabaki ya mimea: katika makazi ya Komoro ya karne ya nane hadi ya kumi, mpunga na choroko vilitawala, ilhali makazi ya bara yalijaa nafaka za Kiafrika. Wageni wa Kiasia walifika Komoro, basi. Kama matengo yalitufikia kupitia kwao, au mabaharia hao walikuja moja kwa moja hadi mwambao wetu, wataalamu bado wanavutana.

Kutoka visiwani hadi Kwale, njia ya karibu zaidi ni Pemba. Wavuvi wa Kipemba wamekuwa wakivuka kwenda dago, wakipiga kambi Vanga, Shimoni na Msambweni kwa msimu, na wengine wakaoa na kubaki. Mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 ulianzia mdomoni mwa mto Umba, na bahari ikaendelea na shughuli zake. Baadhi ya Wapemba walikuwa huku kabla ya uhuru wa Kenya wa mwaka 1963. Wengine waliwafuata baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964.

Vizazi vya watu hao viliishi Kwale na Kilifi bila vitambulisho. Pasipo kitambulisho, leseni ya kuvulia samaki haikuwa rahisi kupatikana, wala akaunti ya benki. Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi mwaka 2023. Hadi wakati huo, Mpemba aliyetakiwa kuonyesha kwamba babu yake alikuwa huku hakuwa na cha kuonyesha ila kaburi, mnazi aliopanda babu na pengine ngalawa. (Sisi wa chumba cha habari, tunaodai hati kwa kila neno, tungemrudisha kama maafisa walivyomrudisha.)

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza mwenye ngalawa ni mepesi, ila yana wakati wake. Mwembe uliota wapi, katika shamba la nani? Nani aliuchonga, na alijifunza kwa nani? Chombo kilivuka Pemba mara ngapi, na matengo yalibadilishwa lini mara ya mwisho?

Yafaa aulizwe kabla mnunuzi wa mapambo hajafika. Huyo hutaka gogo peke yake, lenye kuingia garini. Matengo hubaki pale ufuoni, na jioni hupikiwa chai.